Swali la Saa 3 Usiku: Mwongozo Kamili wa Kuendesha Kundi la Mtandaoni la Walimu wa Chekechea

Saa 3 usiku mwalimu mmoja aliandika kwenye kundi ambalo nami nilikuwemo: "Leo nimemfokea mtoto wa miaka minne mpaka akajikojolea. Sijui kama kazi hii ninaiweza." Jibu la kwanza lilikuwa stika ya usiku mwema. La pili lilikuwa tangazo la vitabu vya kuchorea. La tatu likasema mwalimu mwenye wito hawezi kufanya jambo kama hilo. Kabla ya saa 4 mwalimu yule alikuwa ameshajitoa, na hakuna aliyeuliza kaenda wapi.

Kundi lile lilikuwa na mamia ya watu na meseji kutwa kucha. Halikuwa na mtu wa kulipokea swali. Tangu nianze kuendesha kundi langu mwenyewe, kila uamuzi naupima kwa ujumbe ule. Je, mwalimu yule angethubutu kuuandika hapa? Akiuandika atajibiwa na nani, baada ya muda gani, kwa maneno gani? Hatua zote zinazofuata zimetoka kwenye maswali hayo.

Na kundi la namna hii linahitajika kweli. Mwalimu wa watoto wadogo anaweza kushinda siku nzima bila kuzungumza sentensi mbili na mtu mzima mwenzake. Amezungukwa na watu, lakini ni watu wa miaka mitatu.

Hatua ya 1: Amua kundi ni la nani, na nani hatakuwemo

Andika sentensi moja. Yangu ni hii: "Kundi hili ni la wanaoshinda na watoto wa chini ya miaka 6, iwe darasani au kwenye kituo cha malezi." Anayelea wachanga anawaza usingizi, nepi na maziwa, anayefundisha wa miaka mitano anawaza penseli na maandalizi ya darasa la kwanza. Wanaweza kukaa pamoja wakiwa wachache. Wakiongezeka, watenganishe kwa umri wa watoto wao, kwa sababu mtu akipita meseji 30 zisizomhusu huacha kufungua.

Wamiliki wa shule, wakuu wa vituo na wazazi usiwaingize. Najua wengi hawakubaliani nami hapa, na wapo wakuu wenye moyo mwema kuliko mimi. Lakini hakuna atakayesema "nimezidiwa" huku anayemlipa mshahara anasoma. Mzazi naye akikuta habari ya mtoto anayeng'ata wenzake, jambo la kwanza atakalojiuliza ni kama anayesemwa ni wake. Wakitaka, wafungulie kundi lao. Wauzaji wa vifaa, vivyo hivyo.

Hatua ya 2: Pata wasimamizi kabla ya kupata wanachama

Usianze peke yako. Wawe watatu angalau, na wasiwe marafiki wa mtu mmoja wala watu wa kituo kimoja. Kwenye WhatsApp, msimamizi pekee akijitoa, programu humteua mwanakundi mwingine yeyote kuwa msimamizi, na kundi ulilolilea kwa miaka linaweza kuangukia mikono usiyoijua.

Kabla ya kufungua milango, keti na wenzako mjaribu kujibu meseji tano za kubuni: mwalimu anayelia, picha ya mtoto iliyotumwa kwa bahati mbaya, ugomvi wa itikadi, tangazo la biashara, na dokezo kwamba mtoto anaumizwa nyumbani. Kila mmoja aandike jibu lake bila kuona la mwenzake, kisha msomeane. Hapo ndipo mtajua mnaelewana au la. Zoezi hili lilituchukua saa mbili tu, na lilimwonyesha mwenzetu mmoja kwamba hii si kazi yake. Aliondoka kwa amani, na hadi leo ni mwanakundi mzuri sana.

Hatua ya 3: Chagua mahali

Mahali pazuri ni pale ambapo walimu wako tayari wapo. Ukiwalazimisha kupakua programu mpya, nusu hawatafika. WhatsApp inajulikana na wengi, ila katika kundi la kawaida namba ya kila mtu iko wazi kwa wenzake. Sema hivyo mapema ili mwenye sababu ya kujificha aamue mwenyewe. Telegram inamruhusu mtu kuficha namba yake.

Usivutwe na ukubwa. Kundi la WhatsApp hubeba watu 1,024, la Telegram watu 200,000, lakini huo ni ukubwa wa chungu, hauelezi una uwezo wa kulisha wangapi. Kundi la walimu wanaofunguliana mioyo nalisimamisha wakifika kama 120. Zaidi ya hapo sura zinapotea na watu wanaanza kuongea kama walio jukwaani.

Hatua ya 4: Weka kanuni, na ya kwanza iwe ya kumlinda mtoto

Kanuni zangu ni tano, na nne kati yake zinaelezeka kwa pumzi moja: hakuna matangazo, hakuna kupeleka meseji ya mtu nje ya kundi, hakuna kumdhihaki mwenzako, mambo ya siasa na dini yana mahali pake kwingine. Iliyobaki ndiyo ya kwanza kwa uzito, nami nailinda kwa wivu: mtoto asitambulike.

Watu hudhani kufuta jina kunatosha. Soma ujumbe huu: "Nina mtoto wa kike wa miaka minne, mama yake ni yule muuguzi aliyefiwa juzi, tangu siku hiyo haongei." Jina halimo, na bado mtu yeyote wa karibu anamjua. Ujumbe uleule unaweza kuandikwa hivi: "Nina mtoto wa miaka minne aliyepata msiba mkubwa nyumbani. Ana wiki mbili haongei darasani, ingawa anacheza. Nimfanyie nini?" Wenzake wana kila kitu wanachohitaji ili wamsaidie, na mtoto amebaki na staha yake. Mifano kama hii miwili, ya kabla na ya baada, ibandike juu ya kundi. Inafundisha kuliko aya nzima ya makatazo.

Kwenye picha nina msimamo mkali zaidi: hakuna uso wa mtoto, hata akicheka, hata mzazi akiwa ameridhia. Mzazi aliyeiruhusu shule kupiga picha hakuruhusu picha hiyo ifike kwenye simu za watu 120 asiowajua. Mwalimu akitaka kuonyesha kazi, apige picha ya kazi yenyewe: mnara wa matofali, mchoro, meza ya maji. Kabla ya kutuma aangalie kuta, maana majina ya watoto huwa yamebandikwa pale, na beji ya sare hutaja shule. Tena picha inayotumwa kama faili kamili inaweza kubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja faragha ya mtoto waziwazi katika kifungu cha 16, na haki hiyo haingoji mtoto ajifunze kusoma. Mtoto huyo atakua. Siku moja atakuwa na simu yake.

Lipo jambo moja ambalo kundi halitakiwi kulijadili kabisa: dalili kwamba mtoto anapigwa, anaingiliwa au ametelekezwa. Likiletwa, msimamizi wa zamu aliondoe kwenye mjadala upesi na amwandikie mwalimu pembeni, au bora ampigie simu. Amsaidie kufanya mambo haya: aandike alichokiona na alichokisikia kwa maneno ya mtoto mwenyewe, pamoja na tarehe na saa, asimhoji mtoto kwa maswali ya kumwelekeza, asimwahidi kutunza siri, na siku hiyohiyo alifikishe kwa mwenye jukumu la ulinzi wa watoto kazini kwake au kwa mamlaka zinazohusika. Mtoto akiwa hatarini wakati huohuo, zipigiwe namba za dharura kwanza. Baada ya hapo kundi linaweza kumshika mkono mwalimu, maana jambo kama hilo humwelemea mtu. Kesi yenyewe ibaki nje.

Hatua ya 5: Pokea wageni mmoja mmoja

Kiungo cha kujiunga kisisambae ovyo. Kila anayetaka kuingia muulize pembeni maswali matatu: unashinda na watoto wa umri gani, nani amekuelekeza, na unatafuta nini hapa? Swali la tatu ndilo lenye thamani. Anayejibu "nataka kujifunza" umkaribishe. Anayejibu "naanza kazi Jumatatu na sijawahi kushika darasa" umkaribishe na umtafutie mwenyeji hapohapo.

Mgeni akishaingia usimwambie "jitambulishe." Hilo hutoa orodha ya vyeti na kuwatisha waliokaa kimya. Muulize kitu chepesi ambacho kila mwalimu anacho jibu: "Wimbo gani unawatuliza watoto wako haraka zaidi?" Mgeni njoo, mwenyeji apone: nyimbo tatu kati ya zile ninazotumia sasa zimeletwa na wageni siku yao ya kwanza.

Hatua ya 6: Jibu, na jibu kwa mpangilio

Kama utasoma hatua moja tu, soma hii.

Weka zamu. Kila siku kuwe na msimamizi mmoja ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna swali linalolala bila jibu. Si lazima ajibu yeye, anaweza kumwita anayejua: "Mwalimu, wewe uliwahi kupata mtoto asiyelala mchana, hebu msaidie mwenzako." Swali la kawaida tunalijibu ndani ya siku moja. La mtu aliyeumia tunalijibu mara tunapoliona, hata kwa mstari mmoja. Ukimya baada ya mtu kujivua nguo za moyo ni jibu pia, naye atalisoma vibaya.

Mpangilio wetu ni kupokea, kuuliza, kisha kushauri. Wengi huruka moja kwa moja hadi kwenye ushauri, kwa nia njema kabisa. Turudi kwa mwalimu wa saa 3 usiku. Jibu ambalo ningetamani alipate ni hili: "Pole sana, mwalimu. Asante kwa kutuambia. Mtoto alikuwaje alipoondoka, na wewe umefikaje nyumbani?" Anaeleza. Kisha: "Ungependa tukusikilize tu usiku huu, au tufikirie pamoja kesho utaanzaje naye?" Swali hilo la pili limeokoa mazungumzo mengi kuliko ushauri wowote niliowahi kutoa, kwa sababu mara nyingi mtu anataka kusikilizwa kwanza, na ushauri unaokuja kabla ya wakati humwumiza kama lawama.

Lakini kumfariji mwalimu hakufuti kilichompata mtoto. Hapa makundi mengi huteleza: kila mtu anaandika "usijali, hata mimi," mpaka kufokea watoto kunaonekana jambo dogo. Jibu zuri linabeba wote wawili. Kesho asubuhi achuchumae mpaka macho yake yalingane na ya mtoto, aseme kwa ufupi: "Jana nilikufokea nikakuogopesha. Halikuwa kosa lako. Samahani." Mzazi naye aambiwe ukweli. Kisha tumsaidie mwalimu kutafuta chanzo: ilikuwa saa ngapi, watoto walikuwa wangapi, alikula saa ngapi, nani alikuwa naye darasani? Jambo likijirudia, au mkono ukiinuka, limeshavuka mipaka ya kundi la faraja. Aambiwe kwa upole na bila kuzungusha kwamba anahitaji mtu wa pili darasani, na kwamba kazini kwake wanapaswa kujua.

Mfano mwingine, mwepesi kidogo. "Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu anang'ata wenzake." Dakika tano hazipiti kabla mtu hajaandika: "Mng'ate na wewe aone inavyouma." Msimamizi asikae kimya. Aandike kwamba hapa hatuumizi watoto ili kuwafundisha, kisha aligeuze swali: anang'ata saa ngapi? Kabla ya kula? Wakigombea kitu kilekile? Wakibanana mlangoni? Kati ya mwaka 1 na 3 kung'ata ni jambo la kawaida, kwani maneno bado ni machache, meno yanaota, na hasira ni kubwa kuliko mwili. Mwalimu akiandika kwa siku tatu saa na mahali kila tukio lilipotokea, mara nyingi ataona mwenyewe kinachochokoza: mara ni gari moja la kuchezea linalogombewa na watoto wanne, mara ni njaa ya saa 5. Kundi limemsaidia kuona, na kesho atamsaidia mwingine.

Usihuzunike kwamba wengi hawasemi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya mitandao, aliandika mwaka 2006 kwamba katika makundi mengi ya mtandaoni watu 90 kati ya 100 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sana. Nimekutana na walimu waliokaa kimya mwaka mzima, kisha wakaniambia walikuwa wanajaribu darasani kila walichosoma. Kwa hiyo unapomjibu mmoja, kumbuka tisini wanaangalia mtu anavyotendewa hapa akiuliza.

Hatua ya 7: Panga saa za kuongea na saa za kunyamaza

Wakati mwalimu yuko na watoto, macho yake ni ya watoto. Kundi linalolia mfukoni saa 4 asubuhi ni hatari, hata kama linasema mambo mazuri. Kwetu mazungumzo ni jioni, na usiku yanafungwa kwa ule mpangilio unaowaruhusu wasimamizi pekee kuandika. Mwenye dharura ya moyo anajua amwandikie nani pembeni.

Katika wiki tuna mambo mawili tu ya kudumu. Jumatatu mtu mmoja analeta shughuli aliyoifanya kweli, pamoja na kilichoharibika. Alhamisi jioni ni "kilichonishinda wiki hii," na msimamizi ndiye anayeanza. Asipoanza yeye kwa kueleza lake la kweli, hakuna atakayethubutu. Siku nyingine ziache zijiendee.

Hatua ya 8: Chuja habari za afya na malezi

Meseji zilizopelekwa mara nyingi ndizo zinazoaminika haraka, na kwa watoto wadogo kosa dogo lina gharama. Mtu akisema asali kidogo inamtuliza mchanga, arekebishwe siku hiyohiyo: asali haifai kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyoleta sumu ya botulizimu. Wakibishana kuhusu televisheni, waletee mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019: chini ya miaka 2 wasikae mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Namna ya kurekebisha ni muhimu sawa na ukweli wenyewe. Mwandikie pembeni kwanza: "Mwalimu, najua umeleta kwa nia njema, naomba nirekebishe kidogo." Kisha weka maelezo sahihi kwenye kundi bila kumtaja. Na picha za vipele zisitafutiwe tiba kwenye simu. Jibu ni moja: mtoto apelekwe kwa mhudumu wa afya, mzazi ajulishwe.

Hatua ya 9: Ukija ugomvi

Utakuja. Sana sana utakuja juu ya adhabu, na juu ya kuwasomesha watoto herufi mapema badala ya kuwaacha wacheze. Kutofautiana kunafundisha, kwa hiyo usikimbilie kufunga. Kinachokatazwa ni kumshika mtu badala ya hoja. Lugha ikianza kuwaka, andika hadharani mstari mmoja tu: "Walimu wangu, tupumzike kwenye hili mpaka kesho jioni." Halafu zungumza na kila mmoja pembeni, kwa sauti ikiwezekana, maana maandishi ya hasira husomwa kwa hasira maradufu. Akirudia, onyo lililo wazi. Akirudia tena, aondolewe, na aambiwe sababu.

Skrinishoti ikivuja ni jambo zito zaidi. Iliwahi kutupata: maneno ya mwalimu kuhusu uchovu wake yalifika kwa mkuu wake. Tulimwambia mwenye maneno kabla ya mtu mwingine yeyote, tukamwomba radhi, tukalieleza kundi lililotokea bila kutaja jina lake, na kwa wiki moja tukafunga mjadala wa Alhamisi. Aliyevujisha hatukumpata. Imani ilirudi polepole, na baadhi ya watu hawakurudi kuandika kabisa. Tangu hapo kila mgeni namwambia ukweli: kanuni inakataza, lakini hakuna kanuni inayoweza kuzuia kidole cha mtu, kwa hiyo andika ukijua hilo.

Hatua ya 10: Watunze wasimamizi

Anayesikiliza majonzi ya watu kila jioni naye huchoka. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi, katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, kuwa hali inayotokana na kazi, likataja sura zake tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuiona kwa ubaya, na kuhisi hufanikiwi chochote. Ukimwona msimamizi mwenzako anaanza kujibu kwa neno moja moja, au anasema "hawa watu wanalalamika tu," mpe mwezi wa kupumzika kabla hajauomba. Zamu ziwe za kweli: asiye zamu afunge simu bila kujitetea. Wawepo wawili wanaojifunza usimamizi kila wakati, ili hakuna anayebaki kwa sababu tu ya kukosekana wa kumpokea.

Hatua ya 11: Hifadhi na uhesabu

Majibu mazuri huzama. Mara moja kwa mwezi kusanya matatu au manne kwenye faili moja, ukiondoa majina ya walimu na kila dalili ya mtoto, uyapange kwa mada: usingizi, kung'ata, kulia asubuhi, mzazi mwenye hasira. Mwalimu mpya akiuliza lililokwisha kuulizwa, mjibu kwanza kama mtu, ndipo umpe faili.

Idadi ya meseji isikushughulishe. Mwisho wa mwezi rudi nyuma na daftari, uhesabu mambo matatu: maswali yaliyopita bila jibu, majina mapya yaliyouliza kwa mara ya kwanza, na waliojitoa kimya kimya. Hao wa mwisho waandikie mmoja mmoja, bila kuwashawishi warudi. Na ukikuta swali lililosahaulika, hata lina wiki tatu, lirudishe kesho jioni: "Mwalimu mwenzetu aliuliza kuhusu mtoto anayekataa kuingia darasani asubuhi, tukapitiwa. Samahani, mwalimu. Hali ikoje sasa, na nani kati yetu amewahi kupitia hili?"